Asubuhi Tuliyoteremka Baharini

Siku hiyo tulikuwa sita. Nilikuwa mimi, mtoto mkubwa wa nyumba yetu. Mdogo wangu Kibet, mwenye miaka tisa na maswali ya watu kumi. Kitinda mimba wetu Chemeli, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Rafiki yangu Wambui, binti ya mwenye duka la kwenye kona. Rono, jirani wa mlango wa tatu, aliyejua kila kitu. Na Barasa, dereva wa kenta, lori dogo la mizigo, mtu mzima pekee kati yetu, ingawa Wambui alisema hata yeye si wa kuhesabiwa.

Nimewakumbuka wote kwa mpigo kwa sababu ya picha moja. Juma lililopita Chemeli alinitumia picha kwenye simu kutoka ng'ambo, anakofanya kazi ya uuguzi. Yeye na rafiki zake watatu walikuwa wamechukua wikendi wakaenda kutembea kandokando ya Bahari ya Mediterania, kutoka mji mdogo hadi mji mdogo. Amesimama juu ya ukuta wa mawe, nywele zinapeperuka, anacheka na mtu ambaye haonekani. Nyuma yake kuna nyumba nyeupe zilizopandiana mlimani, na chini yake maji ya buluu iliyokolea kama wino. Niliitazama picha hiyo nikasikia harufu ya mkaa wa senetwo, ule mti wa kusugulia vibuyu vya maziwa, na wala sikuwa nimewasha jiko.

Nyumba zile nilikuwa nazijua. Zilikuwa kwenye kalenda ya mama.

Tuliishi mtaa wa Huruma, Eldoret, chumba kimoja cha mabati, nyuma ya mafundi wa kugonga sufuria. Kalenda ilikuwa juu ya kitanda. Miaka yake ilikuwa imekwisha zamani lakini mama hakuitoa, maana ilifunika mahali ambapo bati lilikuwa limetoboka. Ilikuwa na picha moja tu: nyumba nyeupe, mlima, maji ya buluu, na mashua ndogo tatu. Tukimuuliza mama ni wapi, alikuwa akifua au akipepeta mchele, na mikono yake haikuwa na nafasi, basi alielekeza kwa mdomo tu, upande wa Iten. "Ni huko chini," alisema. "Mbali."

Mimi nilichukua neno lake lote kama lilivyo. Kila mtu Eldoret anajua kwamba upande wa Iten nchi inafika mahali ikakatika, na kutoka hapo ni kuteremka tu. Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba pale ardhi inapokatika ndipo bahari inapoanza. Sikuwahi kumuuliza mwalimu, na nilipoacha shule darasa la saba kwenda kushika kibanda cha chai cha mama alipougua, hapakuwa tena na mwalimu wa kumuuliza. Baba alikuwa ametutangulia kabla Chemeli hajatambaa. Mama akafuata, msimu wa mahindi mabichi.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa. Baba mdogo wa Ainabkoi alikuja kuniambia walichokubaliana, siku ya Alhamisi, akiwa amesimama nje ya kibanda na kofia mkononi. Kibet ataenda naye Ainabkoi, huko kuna ng'ombe na shule iko karibu. Chemeli atachukuliwa na shangazi wa Chepsaita. Mimi nitatafutiwa nyumba ya watu mjini nifanye kazi.

"Wewe ni mkubwa," aliniambia. "Utajitegemea. Jumatatu tunakuja na gari."

Hakuwa mtu mbaya. Alikunywa chai yangu, akasifu, akaenda. Lakini mimi nilibaki nikiwa nimeshika chujio, na kitu pekee nilichofikiria ni kwamba siku zilizobaki ni tatu na wadogo zangu hawajaona bahari.

Nilimwambia Wambui peke yake. Wambui alikuwa na umri wangu, kumi na minne, na alikuwa msichana wa kupanga mambo. Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, kisha akasema, "Barasa anashuka huko chini Jumamosi na viazi. Anarudi Jumapili na maembe. Shemeji yake anakaa pale juu kabisa, kwa ukingo. Tutalala huko."

"Atakubali?"

"Amekunywa chai ya mama yako miaka mingapi?"

Barasa alikubali kabla sijamaliza kuuliza. Mama Wambui alimpa binti yake ruhusa na mikate miwili. Rono alijialika. Mimi sikuwa na wa kumwomba ruhusa, basi nilijipa. Kibet na Chemeli sikuwaambia habari ya Jumatatu. Niliwaambia tu tunaenda kwa kalenda.

Sijui kama nimewahi kufurahi tena namna ile. Ijumaa usiku hakuna aliyelala. Chemeli alivaa sweta yake ya manjano akakataa kuivua, akalala nayo. Alichukua kipande cha sabuni ya kufulia akakiweka mfukoni, kwa sababu baharini watu huoga. Kibet alikuja na jerikeni ya lita tano.

Asubuhi Barasa alituangalia tukipanda juu ya magunia ya viazi. Yeye aliniita Matron, tangu mama alipougua.

"Matron, umehesabu watu wako?"

"Wako wote."

"Hesabu tena. Huyu wa jerikeni ni kama wako wawili. Wewe kijana, hiyo ni ya nini?"

"Ya maji ya bahari," Kibet alisema. "Yako na chumvi. Mwalimu alisema. Nikijaza hii hatutanunua chumvi tena."

Barasa aliniangalia, akafungua mdomo, akaangalia Chemeli na sweta yake, akaufunga. Alipanda mbele akawasha gari. Nimemshukuru sana kwa mdomo ule aliofunga.

Njiani tulikuwa na upepo usoni na vumbi jekundu kwenye meno. Mashamba ya ngano yalikuwa yamekatwa, na ng'ombe walisimama kwenye mabua wakitutazama kana kwamba sisi ndio kioja. Rono alitueleza bahari.

"Mimi nimeiona," alisema. "Kisumu."

"Hiyo ni ziwa," Wambui alimwambia.

"Uliona mwisho wake wewe?"

"Sijafika Kisumu."

"Mimi nimefika. Sikuona mwisho. Kitu haina mwisho ni bahari."

"Basi na maneno yako ni bahari."

Tulicheka mpaka Chemeli akaanza kwikwi. Baadaye wanariadha walipita upande mwingine wa barabara, kundi la watu kama ishirini, wembamba, kimya, wakikimbia kurudi tulikotoka. Chemeli aliuliza wanakimbia nini.

"Maji," Rono alisema. "Maji ya bahari hupanda na kushuka. Yakipanda, wao hukimbia."

Chemeli alifikiri. "Mbona hawaogopi?"

"Wamezoea."

Tulifika kwa shemeji yake Barasa mchana, lakini siku hiyo hatukuona kitu. Mvua ilikuwa imekaa juu ya ukingo mzima, nzito, na shemeji huyo akasema hakuna mtoto atakayesogea kule kwenye utelezi. Barasa aliendelea na safari yake ya bondeni. Sisi tulilishwa ugali na mboga ya kienyeji, tukapangwa kwenye ngozi moja karibu na moto kama viatu. Nilimsikia Kibet akimnong'oneza Chemeli gizani kwamba ukitega sikio sawasawa utaisikia bahari. Nilitega sikio. Ni kweli palikuwa na mvumo, mrefu, hauishi. Leo najua ulikuwa upepo unaopanda kutoka bondeni na kupiga kwenye miamba. Siku ile nilijifunika blanketi mpaka kichwani ili wasinione ninavyotabasamu.

Kulipopambazuka tulitoka wote watano bila kunawa uso. Nyasi zilikuwa na umande, miguu ikawa barafu. Tulipita boma la ng'ombe, tukapita miti, tukafika kwenye mwamba tambarare. Na pale ardhi ilikatika, kama nilivyojua.

Ilikuwa pale. Nyeupe, pana, kutoka miguuni petu mpaka mbali kabisa ambako jua lilikuwa linachungulia. Ilikuwa imetulia lakini inasogea, polepole, kama maziwa yanayotaka kuchemka. Mahali fulani ncha za vilima zilitokeza juu, nyeusi, na weupe ule ukazizunguka na kuzilamba. Jua lilipopanda, weupe wote ukawa wa waridi, kisha wa dhahabu. Hata Rono alisahau Kisumu.

"Kwa kalenda ni buluu," Kibet alisema hatimaye, kwa sauti ya kanisani.

"Ni asubuhi," nilimwambia. "Itageuka."

Kibet aliokota jiwe kubwa, akarudi nyuma hatua tatu, akalirusha kwa nguvu zake zote. Tulilitazama likienda, likiwa dogo, likizama katika weupe bila kuacha alama. Tulisubiri. Tulisubiri mpaka Wambui akaanza kupumua tena. Hakuna mlio uliokuja.

"Ina kina," Kibet alisema, na macho yake yalikuwa makubwa.

Nilijisikia tajiri. Nilisimama pale nimeshika kiuno kama mwenye shamba. Nilisema moyoni, Jumatatu na ije, hii hawawezi kuwanyang'anya.

Kisha ubishi ulianza. Rono alitaka kujua nani ataingia wa kwanza. Wambui alisema mjuzi wa Kisumu atangulie. Kibet alisema lazima tufunge jerikeni kwa kamba tuishushe kama kisimani. Tulibishana kwa raha, kila mtu akisema juu ya mwenzake, labda dakika kumi. Nilipogeuka kumuuliza Chemeli kama anasikia baridi, Chemeli hakuwepo.

Kwenye mwamba palikuwa na nguo zake, na juu yake sweta ya manjano, imekunjwa vizuri, mikono ndani, jinsi nilivyomfundisha kuikunja kabla ya kuoga.

Sikupiga kelele. Nakumbuka niliiokota nikaivaa begani, na kwamba ilikuwa bado ina joto. Kando ya mwamba kulikuwa na njia nyembamba ya mbuzi iliyoteremka, na kwenye tope lake kulikuwa na nyayo ndogo, moja baada ya nyingine, zinaingia kwenye ule weupe.

"Wewe hujui kuogelea," Wambui alisema nyuma yangu.

"Najua," nilisema, nikashuka.

Niliingia baharini nikiwa nimefumba macho na kushika pumzi. Nilihesabu hatua saba, kifua kikaniuma, nikafungua mdomo nikitarajia maji. Hewa ikaingia. Ilikuwa baridi na ilinuka majani na moshi. Nilifumbua macho na sikuona hata mkono wangu vizuri. Kila kitu kilikuwa cheupe. Matone madogo yalikaa kwenye kope zangu. Niliita jina lake na sauti yangu ilirudi kwangu imevikwa pamba. Nyuma yangu nilisikia wengine wakishuka, mawe yakiporomoka, na Kibet akisema kwa mshangao mkubwa, "Dada, tunapumua. Dada, tunapumua ndani."

Tuliteremka tukishikana nguo. Sijui ni muda gani. Mahali fulani kengele ya mbuzi ililia, kisha mbwa akabweka, kisha mteremko ukalegea na nyumba ikatokea mbele yetu ghafla, ya udongo, yenye moshi unaotoka kwenye nyasi za paa. Ilikuwa imekaa kwenye kijukwaa cha ardhi kisichozidi uwanja wa kanisa. Mlangoni, juu ya kigoda, amefunikwa shuka, alikuwa Chemeli. Alikuwa na maziwa juu ya mdomo kama masharubu.

Mama mzee mmoja alisimama kando yake, amevaa koti la kiume na gambuti, ameshika fimbo ya mbuzi.

"Nani mwenye huyu?" aliuliza.

"Mimi."

"Na wewe ni wa nani?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo tangu tumzike mama. "Ni wangu mwenyewe tu," nilisema.

Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani, hakuharakisha. "Huyu wako amekuja hapa na suruali ya ndani peke yake, ameshika sabuni. Ananiuliza, Kogo, bahari iko wapi. Nikamwambia umepita katikati yake."

"Alisema ni wingu," Chemeli aliniambia, kama mtu anayeshtaki. "Alisema hakuna bahari hapa. Ni wingu imelala."

"Kila asubuhi baada ya mvua linalala," mama yule alisema. "Jua likipanda linaamka. Kaeni, mtaliona likienda."

Kogo ni nyanya, na sisi sote tulimwita hivyo bila kuambiwa. Alitupa maziwa kwenye vikombe vya bati, mazito, yenye vidoa vya mkaa, makali kiasi cha kumfanya Wambui akunje uso na kuomba tena. Kibet hakunywa. Alikuwa amekaa na jerikeni yake magotini, amevunjika moyo. Rono, na nitampenda maisha yangu yote kwa jambo hili, alimwambia kwamba hata Kisumu pengine lilikuwa ziwa.

Kisha Kogo akauliza mama yetu yuko wapi amewaacha watoto warandarande miambani. Nilisema. Akauliza sasa mnakaa na nani. Na mimi, ambaye nilikuwa nimelificha neno lile siku tatu, nililitoa lote pale mbele ya kila mtu, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubeba vitu viwili, hofu ile na siri hii. Nilisema Ainabkoi. Nilisema Chepsaita. Nilisema Jumatatu.

Nilisahau kwamba wadogo zangu wanasikia.

Chemeli hakuelewa. Kibet alielewa. Alipitisha mkono juu ya jerikeni.

"Na hii," aliuliza, "itaenda na nani?"

Kogo aliingia ndani. Nilidhani amechoka na sisi. Alirudi na kibuyu kirefu chembamba, cheusi kwa kuguswa, chenye kofia ya ngozi iliyoshonwa shanga nyekundu na nyeupe. Alikitikisa, akakiweka kwenye mikono ya Chemeli, mimi akanipita.

"Huyu ameingia kwangu kwa miguu yake na amekunywa kwangu," alisema. "Sasa ni wangu pia. Ukishindwa, mlete. Na kibuyu changu unirudishie mwenyewe, usitume mtu. Na usikilete kikiwa kitupu."

Nikaingiwa na hofu mbaya. Hivi ndivyo nilivyomsikia: huyu ni mtu mwingine tena anayetaka mtoto wangu. Baba mdogo mmoja, shangazi mmoja, na sasa huyu wa kwenye wingu, ambaye hata hatukumjua asubuhi. Nilifikiri kibuyu kile ni alama, kama ile rangi wanayopakwa kondoo sokoni, na kwamba siku nitakayokirudisha atakipokea pamoja na mtoto aliyekibeba. Nilisema asante, nikawaambia wenzangu tuondoke.

Lakini hatukuondoka mara moja, kwa sababu wakati huo ndipo wingu lilipoamka. Lilianza kupasuka chini yetu. Kwanza tuliona kipande cha kijani, kisha ukanda wa mto unaong'aa, kisha miti ya miiba, mapaa ya mabati madogo kama vifungo vya shati, na ng'ambo yake milima ya buluu iliyokolea, buluu ileile ya kalenda. Bonde lote la Kerio lilifunguka kama mtu anayevuta pazia. Tulipiga mayowe. Kibet aliruka akafungua kifuniko cha jerikeni, akakimbilia kipande cha mwisho cha wingu kilichokuwa kinapanda kandokando ya mwamba, akakikinga, akafunga kifuniko haraka na kukikalia.

"Nimeipata," alisema.

Tulipokuwa tunapanda nilimwambia Wambui tukiache kibuyu kwenye mwamba.

"Wacha ujinga," alisema. "Ni maziwa."

"Atakuja kumchukua."

"Aje na nini, na ile gambuti? Panda."

Barasa alitukuta adhuhuri kando ya barabara. Alinusa, akaona kofia ya shanga, akainua nyusi. "Mmeenda wikendi mmerudi na ng'ombe," alisema. Tulirudi Eldoret tukiwa tumelala juu ya maembe, nyuso zinanata, tukiimba.

Jumatatu walikuja. Baba mdogo alikaa kwenye kiti, shangazi akakaa kitandani chini ya kalenda. Nguo za Kibet na Chemeli zilikuwa kwenye mifuko miwili ya nailoni, nilizifua Jumapili jioni. Kibet alikaa juu ya jerikeni mlangoni kama askari. Niliwapa wageni chai. Nilikuwa nimejiambia sitalia, na sikulia.

Chemeli ndiye aliyeona kwamba wageni wamepewa chai bila kitu kingine. Aliingia chini ya kitanda, akatoka kwa matako akikivuta kibuyu nilichokuwa nimekificha nyuma ya makaa. Alimmiminia baba mdogo kwenye kikombe, akimwaga kidogo, ulimi nje.

Baba mdogo alionja. Akachukua ile kofia akaigeuza vidoleni, akapitisha kidole gumba kwenye shanga.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwa Kogo wetu," Chemeli alisema. "Huko chini. Amesema mimi ni wake pia. Amesema dada akishindwa anipeleke."

Baba mdogo alimtazama shangazi. Lazima niwaeleze kwamba mama hakuwahi kutuambia kwao ni wapi. Aliolewa bila baraka, na jambo hilo kwa upande wa baba halikutajwa. Walichojua ni kile nilichokijua mimi: kwamba akiulizwa kwao, alielekeza vilevile kwa mdomo upande wa Iten. Na kwetu kibuyu cha nyumba, chenye kofia ya shanga, hakipewi mpita njia. Kinatoka kwa mtu wa damu kwenda kwa mtu wa damu.

"Kumbe upande wa mama yao wapo," shangazi alisema polepole. "Na wameshawashika."

Baba mdogo aligeuka kwangu. "Ni kweli? Huyo mama ni wenu?"

Kichwani mwangu kulikuwa na maneno mengi. Ni mtu tu. Ni mchunga mbuzi. Tulimkuta kwenye wingu. Wambui alikuwa amesimama nje akichungulia kwenye tundu la bati, nilimwona jicho. Nilisema, "Alisema tusitume mtu. Nirudishe mwenyewe."

Ni kweli alisema hivyo. Lakini halikuwa jibu la swali nililoulizwa, na mimi nililijua hilo nikiwa na miaka kumi na minne kama ninavyolijua leo.

Baba mdogo aliweka kikombe chini. "Hatuwezi kugawa watoto ambao wengine wameshika, bila kwenda kuwauliza," alisema. "Itakuwa ni dharau. Wakae kwanza hapa na huyu mkubwa. Tukimaliza kupanda, tutashuka tuongee na huyo mama."

Walipanda. Wakapalilia. Wakavuna. Bonde ni mbali na mtu wa shamba hamalizi kazi. Kila mwaka baba mdogo alisema tutashuka, na kila mwaka Chemeli alirefuka na Kibet akaingia darasa lingine, mpaka ikawa hakuna tena watoto wa kugawa. Jerikeni ile tuliifungua Krismasi. Ndani kulikuwa na tone moja, labda mawili. Kibet alilionja akasema halina chumvi. Leo anafundisha jiografia.

Na kibuyu sikurudisha. Miaka ya kwanza niliogopa atanichukulia Chemeli. Nilipokuwa mtu mzima, siku moja tu, nikiwa naosha vikombe kibandani, nilimsikia tena na nikamwelewa. Ukishindwa, mlete. Hakuwa ananinyang'anya. Alikuwa ndiye mtu pekee, katika siku zote zile, aliyechukulia kwamba mimi ndiye nitakayejaribu kwanza. Nilikaa chini kwenye kreti ya soda, nikaacha maji ya chai yachemke mpaka yakakauka.

Baada ya hapo niliona aibu, na aibu ni nzito kuliko hofu. Mara moja nilikijaza maziwa nikafika hadi ule mwamba. Siku hiyo hakukuwa na wingu. Niliona moshi ukitoka pale chini, kwenye kijukwaa. Nilitafuta maneno ya kumwambia: kwamba nilimfanya mama wa mama yangu bila kumuuliza, kwamba wadogo zangu walilelewa juu ya jina lake. Sikuyapata. Nilimpa maziwa mchungaji mmoja aliyepita, nikarudi nyumbani na kibuyu kitupu.

Sasa Chemeli ametuma picha yake. Chini yake aliandika maneno haya: "Dada, hii ndiyo ya kalenda. Nimerusha jiwe. Nimesikia mlio." Nilicheka peke yangu mpaka wateja wakageuka. Kisha simu ikalia tena. "Nakuja Desemba. Kibuyu cha Kogo ulirudisha?"

Hajui. Alikuwa mdogo, anaamini mpaka leo kwamba mtu akiambiwa na Kogo rudisha, anarudisha.

Jana nilikishusha kutoka juu ya kabati. Kofia imepoteza shanga mbili. Nimetafuta mkaa wa senetwo, nimekisugua ndani, nimekiinamisha kikauke. Harufu imerudi yote. Maziwa nitapata, si shida; maneno ya kumwambia Kogo ndiyo bado nayatafuta. Chemeli sijamjibu.